Kabla Hujamwambia Azime Muziki

Mitihani inapokaribia, kuna amri moja inayosikika karibu kila nyumba: "Zima huo muziki, usome!" Mzazi anayeitoa ana nia njema. Lakini wiki hii, msikilizaji wangu, naomba kabla ya kuzima tumsikilize kwanza huyo kijana.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kati ya kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kwa hesabu hiyo, darasa la wanafunzi 42 laweza kuwa nao 6. Hawa hawaokoti makopo barabarani. Wanakuja shuleni, wanakaa kimya, usiku hawalali, alama zinashuka, nasi tunawaita wavivu.

Muziki unaweza kuwasaidia. Lakini tiba kwa muziki si kumfungulia mtu redio ukaondoka. Ni kazi ya mtaalamu aliyeisomea. Ilipata nguvu Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, wanamuziki walipowapigia askari majeruhi hospitalini. Mwaka 1944 chuo cha Michigan State kilianzisha masomo ya shahada ya fani hiyo.

Hufanyaje kazi? Mdundo wa taratibu huvuta pumzi zifuate mwendo wake, na pumzi zikitulia, moyo nao hupunguza mbio. Kijana asiyeweza kutamka "nina huzuni" huweza kuipiga kwenye ngoma au kuitungia wimbo, na hapo mtaalamu akapata pa kuanzia mazungumzo. Wakipiga kwa kundi, kila mmoja hulazimika kumsikiliza mwenziwe, na aliyejitenga hurudi kwa wenzake.

Mwaka 2017 watafiti wa Cochrane walipitia tafiti 9 zilizohusu watu 421 wenye sonona. Waliopewa tiba ya muziki pamoja na matibabu ya kawaida walipata nafuu zaidi, angalau kwa muda mfupi, kuliko waliopewa matibabu ya kawaida peke yake. Tuzingatie neno "pamoja". Kwaya haichukui nafasi ya daktari. Kijana anayesema amechoka kuishi apelekwe hospitali leo hii, wala asiachwe peke yake.

Wazee wetu wa pwani walipompungia mgonjwa ngoma ya pepo, majirani walikesha naye. Mimi sitetei mashetani. Natetea ule mkesha.

Basi walimu wakuu, msifute kipindi cha muziki kwa sababu ya mitihani. Ngoma tatu na nusu saa ya jioni hazitafelisha shule. Nawe mzazi, mwulize mwanao kwa upole kwa nini wimbo ule anaurudia kila siku. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tusiwafundishe watoto kuficha.