Kifungu cha 107: mgomo uliozimwa kwa barua

Mhudumu wa ndege anasimama mlangoni, anakukaribisha, anamsaidia bibi kupandisha begi, anambembeleza mtoto anayelia. Kwa miaka mingi wahudumu wa Air Canada walifanya kazi hiyo bila kulipwa. Mshahara wao ulikuwa ukianza kuhesabiwa ndege inapoondoka.

Hilo ni mojawapo ya mambo yaliyowafanya wahudumu zaidi ya 10,000 kugoma tarehe 16 Agosti 2025. Hata saa 12 hazijatimia, Patty Hajdu, waziri anayehusika na kazi, akaiagiza kwa barua Bodi ya Mahusiano Kazini iwarudishe kazini na kuupeleka mgogoro kwa msuluhishi mwenye uamuzi wa mwisho. Bunge halikuitwa, wala hapakupigwa kura.

Ndugu kutoka nyumbani Kenya waliuliza kwa simu: Kanada nayo? Mgomo halali unazimwaje kabla jua halijatua? Jibu limo katika kifungu cha 107 cha Sheria ya Kazi ya Kanada.

Kifungu chenyewe

Kimekuwapo tangu 1984. Kinamruhusu waziri kuchukua hatua anazoona zitaleta amani kazini, ikiwemo kuiagiza Bodi itende anachoona ni lazima. Tuelewane: sheria hii inahusu sekta zilizo chini ya serikali kuu, kama reli, ndege, bandari, benki na posta. Wewe uliye kiwandani au unayehudumia wazee, kwa kawaida unaangukia chini ya sheria ya jimbo lako.

Zamani serikali ikitaka kumaliza mgomo ilipeleka muswada bungeni. Mwaka 2011, muswada wa kuwarudisha kazini wafanyakazi wa posta uliwafanya wapinzani wazungumze kwa zamu zaidi ya saa 50 mfululizo. Ulipita, lakini kila mbunge alisimama kuhesabiwa, na mwaka 2016 mahakama ya Ontario ikasema sheria hiyo ilivunja katiba.

Katikati ya hayo, Januari 2015, Mahakama ya Juu ilitamka katika kesi iliyotoka Saskatchewan kwamba haki ya kugoma inalindwa na katiba. Katiba ya Kenya ya 2010 imeitaja haki hiyo waziwazi katika Ibara ya 41; Kanada ilibidi majaji waisome ndani ya uhuru wa kujumuika.

Njia ya mkato

Baada ya hukumu hiyo, njia ya Bunge ikawa na miiba. Kifungu cha 107 kikawa njia ya mkato. Agosti 2024 kilitumika kwenye reli, ambako waajiri ndio waliowafungia wafanyakazi nje. Novemba kikatua bandarini Montreal na British Columbia. Desemba ikawa zamu ya wafanyakazi 55,000 wa posta, waliokuwa wamegoma karibu mwezi mzima kwenye baridi.

Madhara yake yanaanza kabla ya mgomo wenyewe. Mwajiri anayejua kwamba waziri ataingilia kati ana sababu gani ya kusogea mezani? Anasubiri tu. Mfanyakazi silaha yake ni moja, kuweka zana chini, na mwajiri anajua silaha hiyo itanyang'anywa jioni. Hapo mazungumzo yanabaki jina.

Kinachopendekezwa

Vyama vya wafanyakazi na chama cha siasa cha NDP vinataka kifungu kifutwe. Wapo wanaoona inatosha kukiwekea mipaka. Serikali inasema reli na bandari zikisimama, mkulima wa ngano na dereva wa lori wanaumia. Ni kweli, wanaumia, na baadhi ya madereva hao ni watu wetu.

Lakini sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 87.4, tayari inazitaka pande zote ziendeleze huduma ambazo kukatika kwake kungehatarisha afya au usalama wa umma. Dharura kubwa zaidi ikitokea, Bunge lipo. Mimi nasimama na wanaotaka kifungu kiondoke. Kumnyima mtu haki ya kikatiba ni jambo zito. Anayelitaka asimame hadharani, atoe sababu zake, ahesabiwe kwa kura.

Wahudumu wale wa Air Canada walikataa kurudi. Bodi ikatamka kwamba mgomo wao si halali, nao wakabaki nje. Alfajiri ya tarehe 19 Agosti makubaliano yakapatikana, na ndani yake yamo malipo ya kazi ya ardhini, kabla ndege haijaondoka. Mwajiri na mfanyakazi walikuwa wamerudi mezani. Lakini ilibidi watu waliokuwa na haki wahatarishe kuadhibiwa ili wasikilizwe, na sheria nzuri haimfikishi mtu huko.

Wenye kura hapa Kanada, mwandikieni mbunge wenu. Mwulizeni swali moja: barua ya waziri ikitosha kuzima mgomo, haki ya kugoma inabaki wapi?