Gari likianza kulia: Sikiliza vizuri kabla giaboksi haijashushwa

Mara nyingi watoto ndio wa kwanza kusema. Wamekaa kiti cha nyuma, vioo vimefungwa, redio iko chini, na mmoja anauliza kwa nini gari linapiga mluzi. Mzazi aliyeshika usukani ameshauzoea mlio huo kwa sababu ulikuja kidogo kidogo, au ameusikia tangu juzi na kuamua kwamba utasubiri mwisho wa mwezi.

Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, gari la nyumbani ni IST, Raum, Fit au Noah, lililofika kutoka Japani likiwa tayari limetembea miaka kadhaa huko, na mara nyingi ni otomatiki. Ndilo linalopeleka watoto shule asubuhi na mgonjwa hospitali usiku. Giaboksi yake ikifa, kwa kawaida hununuliwa nyingine iliyotumika, ambayo hakuna anayejua imetembea kilomita ngapi, kwa fedha zinazoweza kumeza ada ya muhula mzima.

Ipo hasara nyingine inayouma zaidi, kwa sababu ingeepukika. Giaboksi inashushwa na kubadilishwa, gari linawashwa, na mlio uko palepale. Tatizo lilikuwa beringi ya tairi. Fundi aliyeambiwa tu kwamba gari linalia yuko katika hali ya daktari aliyeambiwa tu kwamba mtoto anaumwa. Anahitaji historia: mlio ulianza lini, husikika gari likiwa limesimama au linatembea, na hubadilika mzazi akifanya nini. Historia hiyo hakuna wa kuitoa zaidi ya anayeliendesha gari kila siku.

Unafuata injini au unafuata matairi?

Hili ndilo swali la kwanza, na kulijibu hakuhitaji spana. Gari lisimamishwe mahali tambarare, gia iwe P, hendibreki ivutwe, watoto wawe wameshuka na wako mbali. Injini iwashwe, kisha mafuta yakanyagwe taratibu. Mlio ukiwapo na ukapanda kadiri injini inavyopandisha, unafuata injini. Katika giaboksi washukiwa ni pampu ya oili na tokikonveta, kile kifaa cha duara kinachokaa kati ya injini na giaboksi na kufanya kazi ambayo gari la manyuo huifanya kwa klachi. Nje ya giaboksi kuna alteneta, mkanda na pampu ya usukani, nazo hupiga kelele zinazofanana. Fundi mzuri huanza na hizo kwa sababu ziko juu na zinafikika.

Kama P kuko kimya, na mvumo huja gari linapotembea na kupanda kulingana na mwendo wa gari, hata mguu ukiondolewa kwenye mafuta, mlio unafuata matairi. Hapo giaboksi isilaumiwe haraka. Katika barabara isiyo na magari, usukani ukiyumbishwa kidogo kulia na kushoto, mvumo wa beringi ya tairi mara nyingi huongezeka upande mmoja na kupungua upande mwingine. Sauti ya tik-tik-tik wakati wa kukata kona kali, kama ya kuingia getini, mara nyingi ni jointi ya nje ya shafti inayozungusha tairi la mbele. Inabadilishwa bila kuigusa giaboksi.

Mluzi na oili

Mluzi unaofuata injini ukithibitika, hatua inayofuata ni oili ya giaboksi. Oili hiyo hulainisha vyuma, lakini pia ndiyo inayosukumwa kwa presha kubana klachi za ndani ili gari liende. Ikipungua, au chujio likiziba, pampu huvuta hewa na kuanza kulia. Muda si mrefu klachi hukosa presha, zinateleza, zinaungua.

Kwenye Toyota nyingi zenye dipstiki ya giaboksi, oili hupimwa injini ikiwa inaunguruma na giaboksi imepata moto. Breki hukanyagwa, gia hupitishwa polepole kutoka P hadi L na kurudishwa P, kisha dipstiki huchomolewa, hufutwa, hurudishwa na kusomwa kwenye alama ya moto. Si magari yote hupimwa hivyo. Yapo yanayopimwa injini ikiwa imezimwa, na mengi ya kisasa hayana dipstiki kabisa, hupimwa kwa bolti iliyo ubavuni mwa giaboksi gari likiwa juu ya linta. Kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa.

Rangi na harufu zina la kusema pia. Oili nyingi za otomatiki huwa nyekundu zikiwa mpya, ingawa si zote. Ikiwa imekuwa ya kahawia nzito au nyeusi na inanuka kitu kilichoungua, klachi za ndani zimeanza kuliwa. Ikiwa imegeuka ya waridi iliyofifia kama maziwa yaliyotiwa sharubati, imeingia maji. Katika magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, na ukuta unaoitenganisha na maji ukipasuka, viwili hivyo huchanganyika. Maji pia huweza kuingia kupitia tundu la kupumulia la giaboksi, jambo ambalo waliowahi kuvuka bonde la Jangwani wakati wa mafuriko wanapaswa kulikumbuka. Gari lenye oili ya namna hiyo lisiendeshwe kabisa.

Kuongeza oili isiyo sahihi ni kosa la kila siku mitaani. Toyota IST ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, ina giaboksi ya gia nne inayotumia oili ya aina ya T-IV. Honda Fit ya miaka hiyo kwa soko la Japani ina CVT, ambayo haina gia za kawaida bali mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili zinazotanuka na kubana. Oili ya moja ikiwekwa kwenye nyingine, mkanda huteleza. Kopo lililoandikwa tu ATF halitoshi, na muuza spea anayesema zote ni sawa aachwe na kopo lake.

Kishindo, rasta na mkwaruzo

Kuna gari linalopiga kishindo kila gia inapotolewa P kwenda R au D. Wazazi wengi husikia hapo mwisho wa giaboksi. Mara nyingi ni mauntingi, zile raba zinazoishika injini na giaboksi kwenye bodi. Zikichakaa, injini hurukaruka na kugonga. Fundi akifungua boneti na mwenzake akakanyaga breki vizuri na kubadilisha gia kutoka R kwenda D, kuruka huko huonekana kwa macho, ila asisimame mbele ya gari. Injini inayounguruma kwa kasi kupita kiasi ikiwa imesimama nayo huleta kishindo. Baada ya hayo mawili ndipo presha ya oili ichunguzwe.

Mtetemo ni habari nyingine. Gari likiwa katika mwendo wa wastani, mguu ukigusa mafuta kidogo, hutetemeka sekunde chache kama linapita juu ya rasta, kisha hutulia. Kwenye otomatiki ya kawaida, hiyo ni dalili inayojulikana ya klachi iliyomo ndani ya tokikonveta inayoshika na kuachia, na oili iliyozeeka ni sababu mojawapo kubwa. Hapa kubadilisha oili mapema kunaweza kuokoa kifaa. Plagi mbovu nazo hutetemesha gari hivyohivyo, kwa hiyo ziangaliwe kwanza kwa sababu ni rahisi.

CVT huwa na mluzi mwepesi hata ikiwa nzima, na hilo huwatisha bure waliohamia kutoka gari la kawaida. Mngurumo mzito unaokua wiki kwa wiki ndio wa kuogopwa, kwa kuwa mara nyingi ni beringi za ndani.

Mkwaruzo unaosikika katika gia fulani na kutoweka katika nyingine nao una maana. Giaboksi nyingi za gia nne, zikifika gia ya tatu, gia zake za ndani huzunguka zote pamoja kama kipande kimoja. Mlio ukikaa kimya kwenye ya tatu tu, fundi anajua atazame gia zenyewe. Mzazi anayeweza kumwambia fundi hivyo atakuwa amemwokolea saa nzima ya kubahatisha.

Kabla ya kukubali ishushwe

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari haisikii mlio, lakini huonyesha kama kompyuta imeona tatizo. Kodi ya P0700 husema tu kwamba kuna hitilafu upande wa giaboksi, wakati P0741 inaelekeza kwenye klachi ya tokikonveta. Kisha sampu ya giaboksi ifunguliwe, mwenye gari akiwapo. Ndani yake kwa kawaida kuna sumaku. Uji mwembamba wa kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida, na hapo ushauri wa kubadilisha giaboksi una msingi.

Dalili fulani hazisubiri mwisho wa mwezi: injini inapandisha lakini gari haliendi, D inachukua sekunde kadhaa kushika, au kuna sauti ya kugonga chuma inayotoka pale injini inapokutana na giaboksi, ambapo bati linalobeba tokikonveta huweza kupasuka au bolti zake kulegea. Gari la namna hiyo lisipakie watoto kesho asubuhi kwa matumaini ya kufika. Likizima katikati ya Barabara ya Morogoro saa 12 na nusu, wako kati ya malori.

Likigoma njiani, lisivutwe kwa kamba umbali mrefu matairi ya mbele yakiwa chini kama ndiyo yanayoendesha. Pampu ya oili huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezimwa, giaboksi huzunguka bila kulainishwa na kujimaliza ndani ya safari hiyohiyo. Gari la kuvuta linyanyue matairi ya mbele au libebe gari lote mgongoni. Na likisubiri mahali penye mteremko, P peke yake isiaminiwe: ndani ni pini moja ndogo tu ya chuma inayoshikilia gari zima, kwa hiyo hendibreki ivutwe, mawe yawekwe kwenye matairi, na watoto washuke upande wa mbali na barabara.