Unapanda Kasigau Wikendi Hii? Panga Pesa Kabla Mtandao Haujapotea

Abiria wengi wa barabara ya Mombasa wanaijua Maungu kama mahali pa malori kupumzika, kilomita chache kabla ya Voi ukitoka pwani. Basi linapunguza mwendo, mtu ananunua maji, safari inaendelea. Lakini hapo ndipo unapoachia lami ukitaka kwenda kwenye vilima vya wodi ya Marungu, na mbele zaidi upande wa kusini, Mlima Kasigau, ambao kilele chake kimefika mita 1,641. Wateja wetu wa Mombasa na Nairobi wameanza kutuuliza: tukienda kupanda mlima huko, tubebe pesa taslimu au simu inatosha?

Jibu fupi: beba vyote viwili, ila kila kimoja kina mahali pake.

Tuanze na usafiri. Treni ya SGR inayosimama vituo vya kati inashusha watu Voi na Miasenyi, na Miasenyi iko karibu zaidi na Maungu. Tiketi unakata kwa *639# na kulipa kwa simu ukiwa nyumbani. Kutoka Maungu kwenda vijiji vya chini ya Kasigau, yaani Rukanga, Jora, Bungule na Makwasinyi, ni barabara ya vumbi, na utategemea matatu chache au boda. Patana bei kabla hujapanda, na umuulize dereva kama anapokea kwa simu. Wengi wanapokea. Mwenye boda akikupa namba, subiri jina litokee kwenye skrini kabla hujabonyeza kukubali, umsomee. “Kaka, inasema Mwakio, ni wewe?” Sekunde tano tu hizo. Tarakimu moja ikikosewa, nauli yako inaenda kwa mtu wa Busia ambaye hujui hata anafananaje.

Ikishatokea, usianze kumpigia huyo mtu na kumbembeleza. Kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe mzima wa muamala kwenda 456 mara moja, hapo hapo ulipo. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu, kwa hiyo kila dakika ina uzito. Na hapa ndipo mlima unapoleta shida yake: ukigundua kosa ukiwa nyuma ya jabali ambako simu haina hata mlingoti mmoja, utangoja hadi ushuke. Ndiyo maana tunasema malipo yote makubwa yamalizwe Maungu au Voi, mtandao ukiwa na nguvu. Kumbuka pia kwamba programu ya simu inahitaji intaneti, lakini *334# haihitaji bando. Pale ambapo programu inazunguka tu bila kufunguka, namba hiyo mara nyingi bado inaitika.

Sasa mwelekezi. Wako wanaoona ni gharama ya bure, kwa sababu mlima unaonekana toka mbali na njia ni ya kwenda juu tu. Hatukubaliani nao. Eneo lote hili, kuanzia Marungu mpaka Kasigau, ni ranchi na hifadhi za jamii zilizokaa katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na tembo wanapita humo kama sisi tunavyopita mtaani. Mwenyeji anajua walilala wapi jana. Anajua pia njia gani inateleza msitu wa juu ukishikwa na ukungu, na atakuonyesha yule ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe jichoni, ambaye hapatikani popote duniani ila Kasigau na Milima ya Taita.

Mlipe mwelekezi huyo moja kwa moja, kwenye namba yake au till ya kikundi chao, mkikutana kijijini. Tunasisitiza hili kwa sababu ya mtindo mmoja unaotuudhi: tangazo la kambi au safari ya mlima kwenye mitandao, picha nzuri, bei ya kuvutia, halafu unaambiwa utume nusu ya pesa leo kwa namba ya mtu binafsi la sivyo nafasi inaisha. Kikundi cha kweli hakitakukataza kupiga simu, kuuliza kijiji gani, na kutaka namba ya biashara yenye jina lao. Mtu akikuharakisha, acha. Na hakuna mwelekezi, wakala wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako ili “kuthibitisha nafasi”.

Ukiwa na siku ya pili, Voi haiko mbali. Lango la Voi la Tsavo Mashariki, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1948, halipokei noti. Kiingilio unalipa kupitia eCitizen, na Paybill ya serikali ni 222222. Fungua akaunti ya eCitizen na ulipe usiku wa kuamkia safari, kisha hifadhi risiti kama picha ndani ya simu. Familia nzima kukaa juani getini mtu mmoja akitafuta nenosiri alilosahau si raha hata kidogo. Angalia bei kwenye tovuti yenyewe, maana zimekuwa zikibadilika, na raia, mkazi na mgeni hawalipi sawa. Mbugani humo, Jabali la Mudanda ni mahali pazuri pa kunyoosha miguu.

Kama hutaki mbuga, panda Sagalla, mlima unaoutazama mji wa Voi. Huko chini wakulima wamezungushia mashamba nyaya zenye mizinga ya nyuki. Tembo akigusa waya, nyuki wanatoka, naye anakimbia. Mradi huo ulianza mwaka 2009 na shirika la Save the Elephants, na asali yake inauzwa. Ukiipata, nunua. Hiyo ni pesa inayobaki kwa aliyelala macho akilinda mahindi yake.

Noti ndogo ndogo ziko wapi katika haya yote? Mfukoni, shilingi elfu moja au mbili kwa hamsini na mia. Mama anayeuza ndizi na maji Rukanga anaweza kuwa na simu iliyozima chaji, na yako pia itazima ukipiga picha tangu alfajiri. Zima data ukianza kupanda, beba chaja ya mkononi, na uiwekee laini yako PIN, si simu peke yake. Simu ikidondoka bondeni, atakayeiokota asiweze kuhamisha laini kwenye simu nyingine. Ukishuka, azima simu ya mtu na upige huduma kwa wateja laini ifungwe kabla hujatafuta gari la kurudi.