Baridi Ndiyo Iungayo Kahawa ya Kayanza

Msafiri atokaye Bujumbura, mita zipatazo 800 juu ya usawa wa bahari, huliacha joto la Ziwa Tanganyika na michikichi ya Imbo. Afikapo Bugarama hutafuta koti. Mbele yake, huko Kayanza, kwenye mita 1,700 na zaidi, ndiko iliko mibuni ya arabika, hasa ya jamii ya Bourbon.

Baridi ya usiku hulichelewesha tunda kuiva. Mbegu hupata wasaa wa kukusanya sukari, pamoja na ule uchachu mwororo wausifuo wanunuzi. Mbuni uo huo ukipandwa Imbo, matunda yangeiva mbio na kikombe kingekuwa chapwa.

Udongo nao una madai yake. Una asidi, tena umelala mteremkoni. Mvua kubwa huuporomosha bondeni. Kwa hiyo mkulima hufunika mashina kwa nyasi na majani ya migomba, yahifadhiyo unyevu na kurudisha rutuba. Hapo ndipo penye taabu: nyasi hizo hizo ndizo chakula cha mbuzi, na shamba ni dogo. Mwenye watoto wa kulisha nani atamlaumu?

Mlima, hata hivyo, haufuti uzembe. Tunda bichi likichanganywa na jekundu, ladha huharibika. Yuko pia mdudu aitwaye antestia. Akilitoboa tunda, kahawa huweza kunuka kiazi kibichi. Ndiyo sababu matunda hutoswa majini, yaeleayo yakatengwa. Yaponyokayo hayatambulikani kwa macho. Hujifichua siku ya kusaga, au maji ya moto yamiminwapo.