Usalama wa Kompyuta (3): Msimamizi na aingie kwa jina lake

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mifumo ya ukoo wa Unix inavyogawa haki za mafaili. Leo tunamfikia mtumiaji ambaye haki hizo hazimzuii: root. Mfumo unapoamua nani aruhusiwe nini, hutazama namba ya mtumiaji, na namba ya root ni 0. Mwenye namba hiyo husoma barua za kila mtu, hubadilisha nywila za wengine, hata hufuta diski nzima.

Hatari ya kwanza ni kwamba jina hilo linajulikana dunia nzima. Mvamizi hana haja ya kupeleleza wafanyakazi wanaitwa nani. Kinachobaki ni kubahatisha nywila, na kazi hiyo programu huifanya usiku na mchana. Unganisha seva na intaneti, acha wazi mlango namba 22 wa SSH, programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, na muda si mrefu kumbukumbu zake zitajaa majaribio ya watu usiowajua.

Hatari ya pili haizungumzwi sana, nami naiona kubwa zaidi. Mafundi watano wakitumia nywila moja ya root, kumbukumbu zitasema root aliingia saa nane usiku. Ni nani kati yao? Hakuna ajuaye. Tena mmoja akiacha kazi, nywila ibadilishwe kila mahali, jambo ambalo mara nyingi huahirishwa mpaka likasahaulika.

Dawa yake ni ya zamani. Mnamo 1980 hivi, Bob Coggeshall na Cliff Spencer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, Buffalo, waliandika programu ya sudo. Kwa kawaida yake ya leo, fundi huingia kwa akaunti yake, huthibitisha kwa nywila yake mwenyewe, kisha amri anayoitaka hutekelezwa kwa nguvu za root. Jina lake na amri yake huandikwa.

Njia ya kufikia seva kutoka mbali ilichelewa kupona. Telnet, iliyotumika kabla ya SSH, ilipeleka nywila wazi, na aliyenusa mtandao aliisoma. Uvamizi wa namna hiyo katika chuo chake Helsinki ndio uliomfanya Tatu Ylönen atengeneze SSH mwaka 1995. SSH huficha mazungumzo yote, tena humruhusu fundi atumie jozi ya funguo badala ya nywila: ufunguo wa siri hubaki kwenye kompyuta yake, wa wazi huwekwa kwenye seva. Hata hivyo, OpenSSH iliendelea kumruhusu root aingie kwa nywila hadi toleo la 7.0 la Agosti 2015, lilipobadilisha mpangilio huo wa awali.

Kuzima akaunti ya root peke yake nako hakutoshi. Novemba 2017 iligundulika kwamba kwenye macOS High Sierra, ambako root huwa amezimwa, mtu aliyeandika jina hilo bila nywila yoyote na kurudia jaribio alikubaliwa. Apple ilitoa rekebisho siku moja baada ya habari kuenea.

Kwa hiyo, kwenye faili la mipangilio ya SSH, sshd_config, weka PermitRootLogin no. Lakini kwanza hakikisha akaunti yako inaingia kwa ufunguo na sudo inakutii. Ukishaiwasha upya huduma ya SSH, usifunge dirisha ulilomo. Fungua jingine ujaribu kuingia. Likikataa, lile la kwanza bado litakuwezesha kurekebisha.