Simu ipi ilikuwa na anwani ile? Daftari la seva lina jibu

Msikilizaji, unapounganisha simu yako na Wi-Fi ya duka la intaneti hapa Soweto, Mbeya, simu huanza kwa kuomba anwani. Mafundi huiita anwani ya IP. Bila hiyo, ujumbe unaotumwa kwako haujui pa kufikia.

Anwani hugawiwa na ruta au kompyuta iitwayo seva, kwa utaratibu wa DHCP uliotangazwa mwaka 1993. Simu huuliza nani anagawa, seva hutaja anwani iliyopo, simu huiomba, kisha seva huithibitisha. Hatua hizo 4 huchukua muda mfupi sana.

Tufananishe na gesti. Mgeni hupewa chumba kwa muda; akiondoka, hulala mwingine. Vivyo hivyo, anwani 192.168.1.25 inaweza kuwa yako asubuhi, na jioni ikawa ya jirani yako. Gesti ina daftari la wageni, na seva nayo ina lake, liitwalo kumbukumbu za mfumo. Huandika tarehe, saa, anwani iliyotolewa na namba ya kifaa kilichopewa.

Daftari hilo lina kazi 2 kubwa. Kwanza, huonyesha kwa nini simu zinakwama. Mtandao mdogo wa kawaida una anwani zisizozidi 254. Kama kila simu inashikiliwa anwani kwa saa 24, mahali penye watu wengi wapitao zitaisha hata kama waliopo ni wachache. Fundi akiona kwenye kumbukumbu kwamba anwani zimekwisha, hufupisha muda huo, pengine uwe saa 1. Kununua bando kubwa hakutasaidia.

Pili, husaidia kumtafuta mhusika. Tuseme kumelalamikiwa utapeli uliofanyika kupitia mtandao wa duka saa 4:12 asubuhi. Kwa nje, simu zote za duka huonekana kwa anwani moja. Kumbukumbu za ruta, kama zimetunzwa, zitaonyesha anwani ya ndani iliyohusika. Daftari la seva litaonyesha ilikuwa na kifaa kipi muda ule.

Hapo pana mtego. Seva nyingi huandika saa za UTC, zilizo nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Saa 4:12 asubuhi yetu huandikwa 07:12. Anayedhani hiyo ni saa ya hapa ataisoma kuwa saa 1:12 asubuhi, na kumbebesha lawama aliyekuwa na anwani hiyo mapema.

Tena, daftari hutaja kifaa, halimtaji mtu. Simu huazimwa. Na tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu nyingi huupa mtandao namba ya kubuni badala ya namba yao halisi.

Ukiwa na Wi-Fi ya wateja, hakikisha saa ya seva ni sahihi, na usimwonyeshe kila mtu daftari: taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na ukituhumiwa kwa sababu ya anwani ya IP, uliza mambo 3: tarehe gani, saa ngapi, na kwa saa za wapi?