Manukato Yasiyo ya Kiume Wala ya Kike

Linaloli ni kimiminika kisicho na rangi kinachopatikana kwa asili katika lavenda, mrehani, asumini na mimea mingine mingi, na molekuli yake, iliyoundwa kwa atomi 10 za kaboni, 18 za hidrojeni na moja ya oksijeni, haina chochote cha kuonyesha kwamba ni ya mwanamume au ya mwanamke. Hata hivyo kimiminika hicho hicho kikitiwa pamoja na harufu za majani na magome katika chupa nyeusi yenye pembe kali, chupa hupangwa kwenye rafu ya wanaume, na kikitiwa pamoja na waridi katika chupa ya mviringo, huhamia rafu ya pili. Manukato ya jinsia zote, yaani yale ambayo mtengenezaji hakuyatengea upande wowote, yamejipatia wateja wengi tangu miaka ya 1990, na mara nyingi husifiwa kama uvumbuzi, ilhali kilicho kigeni katika historia ya harufu ni ule mgawanyo wa rafu.

Kampuni ya familia ya Farina, iliyoanzishwa mjini Köln, Ujerumani, mwaka 1709, iliuza maji mepesi yenye harufu ya bergamoti na matunda mengine ya jamii ya michungwa, na maji hayo yalitumiwa na mabwana na mabibi wa Ulaya bila kubaguana. Baadaye maabara zilianza kuzalisha harufu ambazo awali zilitegemea mimea: William Perkin alitengeneza kumarini, yenye harufu ya majani makavu, mwaka 1868, na vanilini ikafuata mwaka 1874. Jicky ya nyumba ya Guerlain, iliyotoka mwaka 1889 ikiwa na viambato hivyo vya maabara pamoja na lavenda, ilipendwa na wanaume na wanawake pia. Ni matangazo ya biashara ya karne ya 20 yaliyoujenga ukuta, kwa kuwa nyumba yenye bwana na bibi hununua chupa mbili mahali ambapo moja ingetosha, na ilipofika mwaka 1994 CK One ya Calvin Klein ikauzwa waziwazi kwa wote, ulimwengu wa biashara uliipokea kama jambo la ajabu.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki huenda asione ajabu hiyo, kwa sababu moshi wa udi kutoka chetezoni unaofukiza kanzu ndio unaofukiza buibui, na mafuta ya miski hupakwa na mume na mke. Udi wenyewe ni kisa cha kibiolojia: miti ya jenasi ya Aquilaria, inayoota kusini na kusini-mashariki mwa Asia, haina harufu ya kutajika ikiwa na afya, lakini ikijeruhiwa na kushambuliwa na kuvu hujikinga kwa kutoa utomvu mzito unaoutia weusi mti wa ndani, na ni huo mti uliougua ambao huchongwa vipande na kuuzwa kwa bei kubwa. Nchini Oman wanaume huchovya katika manukato kile kishada cha nyuzi kinachoning'inia shingoni mwa kanzu, kiitwacho furakha, na waridi, ambalo muuzaji wa Ulaya angelipeleka moja kwa moja kwa wanawake, huvaliwa na wanaume wa Ghuba bila mtu kugeuza kichwa. Hata hivyo atakosea anayedhani kwamba pwani haina mipaka yoyote, kwani kikuba cha asumini na mrehani hubanwa kifuani mwa mwanamke, na katika nyumba nyingi za Kiislamu bibi hufundishwa kwamba manukato makali ni ya ndani. Mpaka upo, lakini umewekwa katika namna na mahali pa kujinukisha kuliko katika kiambato.

Pua nayo haiungi mkono rafu mbili. Linda Buck na Richard Axel, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kazi waliyoichapisha mwaka 1991, walionyesha kwamba harufu hunaswa na familia kubwa ya vipokezi, yaani protini zilizo juu ya seli za neva ndani ya pua, na binadamu ana aina zipatazo 400 zinazofanya kazi. Vipokezi hivyo hutofautiana kati ya mtu na mtu kwa kurithi. Androstenoni, kemikali iliyomo katika jasho la binadamu, kwa baadhi ya watu hunuka kama mkojo, kwa wengine ni tamu kama vanila, na wapo wasioisikia kabisa, jambo ambalo mwaka 2007 lilihusishwa na jeni moja, OR7D4. Katika majaribio ya kunusa wanawake huwazidi wanaume kwa wastani, lakini kwa kiasi kidogo, na tofauti baina ya mwanamke mmoja na mwenzake huwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo anayechagua hana budi kuiamini pua yake na ngozi yake kuliko lebo, na pia kuipa chupa muda, kwa sababu molekuli nyepesi kama limonini ya ganda la limau huruka ndani ya dakika chache, ilhali miski ya maabara na harufu za miti hubaki kwa saa nyingi. Anayenunua kwa kunusa kizibo, basi, hununua utangulizi tu. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam kuruka huko huharakishwa, hivyo eau de cologne, ambayo kwa kawaida ina asilimia 2 hadi 4 tu ya mafuta ya harufu, huisha upesi, na eau de parfum, yenye takriban asilimia 15 hadi 20, inaweza kuwachosha abiria wa daladala nzima. Pua pia huchoka, kwani baada ya harufu tatu au nne huacha kutofautisha, na zile buni za kahawa ambazo baadhi ya wauzaji huziweka mezani hazikuonekana katika majaribio kuizidi hewa ya kawaida.

Njia ya kutegemewa ni kupulizia kifundo kimoja cha mkono asubuhi, kuondoka dukani bila kununua, kunusa tena adhuhuri na jioni, na kumwomba mtu mwingine anuse, maana baadhi ya viambato vya manukato ya jinsia zote, hasa Iso E Super iliyojaza peke yake chupa ya Molecule 01 ya mwaka 2006, humtowekea mvaaji huku jirani akiendelea kuvisikia. Atakayeridhika achukue chupa ndogo, kwa sababu linaloli ikikaa na hewa kwa muda mrefu hubadilika kuwa kemikali zinazoweza kuiwasha ngozi, iwe ya bwana au ya bibi.